Kambare Mwenye Ndevu Kumi

Wale mlionisimamisha njiani juma zima kuniuliza kama Mukashema bado amekalia sanduku, jibu ni ndiyo. Amekaa. Tulimwacha ndani ya ofisi ya makumbusho madogo mjini Mbarara, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, miguu imetangulia mbele, na hana mpango wowote wa kuinuka.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, nakupa kwa ufupi, maana wenzako wana haraka. Mwaka ni 2014. Mukashema ni mjane wa Profesa Musoni, mtaalamu wa elimu ya wanyama, aliyetoka milima ya Kivu Kusini, Kongo, akaingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale na masanduku mawili ya bati wakati wenzake wamebeba magodoro. Ndani ya masanduku hayo mna kazi ya maisha yake: michoro ya vinyonga, kanda za sauti za vyura, viatu vyake vya kuingilia matopeni, barua za vyuo vikuu, na chupa za kioo zenye viumbe alivyovihifadhi kwa mkono wake.

Profesa ameshafariki. Kesho alfajiri mjane na binti yake Liliane wanapanda basi la Kampala, na kutoka hapo ndege ya Amerika. Masanduku ya bati hayapandi ndege.

Kwa hiyo ni leo au basi. Makumbusho yakiyapokea, jina la Musoni litawekwa kwenye kabati la kioo na watoto wa shule watalisoma. Yakiyakataa, mtu atawashia moto michoro hiyo pale Base Camp kambini na chupa zitatiwa mafuta ya kupikia. Na Musoni atabaki na jina lile jingine alilopewa na majirani, nalo si zuri. Wanamwita mlevi.

Hilo la ulevi nitalieleza. Kwanza tumwinue huyu mama.

Rwakabuba, mtunzaji wa makumbusho, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameshamwomba kwa Kiswahili, kwa Kinyankore na kwa ishara za mikono.

"Nyabo, mimi siwezi kupokea kitu sijaona," alimwambia. "Fungua kidogo, naangalia, nafunga."

Mukashema akajibu kwamba ndani kumepangwa vizuri na mtu akifungua atavuruga. Liliane, ambaye ndiye aliyehangaika na makumbusho haya tangu mwanzo, alidhani mama yake amezidiwa na huzuni. Akapiga magoti, akambembeleza, akamwambia baba angefurahi. Mama akasema baba angefurahi zaidi kama watu wangeliacha sanduku lake.

Sasa msimdharau Rwakabuba kwa sababu ya ule uzi wa miwani. Yeye ni mtoto wa wafugaji, na alishatambua kwamba aliyekaa mbele yake ni mfugaji pia. Akatoka. Aliporudi alikuwa na kikombe cha maziwa, akasimama nacho mbali, kwenye kona ya pili ya chumba, akakinyoosha.

Mukashema alikitazama kile kikombe kwa uchungu. Kwa watu wake, Banyamulenge, maziwa hayakataliwi, wala hayapokelewi kwa kunyoosha shingo ukiwa umekaa. Unainuka, unayafuata, unayashika kwa mikono miwili. Akainuka.

Liliane akavuta mfuniko.

Harufu iliyotoka haikuwa ya dawa wala ya pombe. Ilikuwa ya jikoni. Chupa zilikuwa kavu kabisa, zimelazwa tupu upande mmoja, na upande wa pili vyura walikuwa wametungwa kwenye kamba za migomba, weusi, wagumu, wanang'aa. Vinyonga walikuwa wamekunjwa mikia kwa adabu. Nyoka mmoja alizungushwa kama kata ya kubebea maji.

"Nyabo," Rwakabuba akasema polepole, "nani amepika hivi vitu?"

Mukashema alikunywa maziwa yake mpaka mwisho, kwani maziwa hayaachwi. Kisha akapangusa midomo, akaeleza.

Profesa alipofika Nakivale alikuwa na dawa ya maabara ya kuhifadhia viumbe. Ilipokwisha hakupata nyingine. Akaanza kununua waragi, pombe kali ya kienyeji, kwa wanawake wanaoipika, akawa anaibeba kwenye dumu, mchana kweupe, anasalimia watu njiani. Chura akipatikana, anatumbukizwa. Samaki akipatikana, anatumbukizwa. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone. Lakini majirani walimwona akiingia na dumu lililojaa na kutoka na dumu tupu, wakajaza wenyewe hadithi ya katikati.

Na kanisa lao halitaki pombe hata ya kupaka kwenye kidonda. Mukashema ni shemasi pale. Miaka yote alilala juu ya kitanda chenye waragi chini yake, akiimba kwaya Jumapili na shingo imelegea kwa aibu.

Mwezi uliopita Mchungaji Appolinaire akatangaza kwamba atapita kwa kila familia inayosafiri, aombe katika kila chumba. Mukashema akamwona tayari kwa macho ya rohoni, amepiga magoti kando ya kitanda, kiwiko kinagonga chupa. Siku hiyohiyo waragi yote ikaishia chooni. Viumbe wakabaki uchi.

"Kwetu maziwa haiharibike sababu ya moshi," akamwambia Rwakabuba. "Kibuyu tunaifukiza, maziwa inakaa. Njo maana nikasema, moshi yenye kuchunga maziwa itashindwa na chura?"

Rwakabuba, ambaye mama yake mzazi alifukiza vibuyu maisha yake yote, alisogea kwenye sanduku. Akachukua chura mmoja, akamnusa, akamgeuza tumbo, akahesabu vidole vya miguu. Vyote vilikuwepo. Hata madoa ya mgongoni yalionekana ukimwelekeza kwenye dirisha.

"Hii kazi si mbaya," alikiri. "Hawa tunawaweka kama wamekaushwa. Chura mkavu bado ni chura."

Liliane akashusha pumzi. Mukashema akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaanza hata kumweleza ni kuni gani zinatoa moshi mzuri. Mambo yalikuwa yamenyooka. Mngeniuliza mimi, ningewaambia waage haraka waondoke.

Lakini Rwakabuba alikuwa ameshafungua mchoro mmoja na kuutandaza mezani.

Ulikuwa mchoro wa kambare. Musoni alimvua mwenyewe kwenye matete ya ziwa Nakivale, na alipomchora alihesabu ndevu za mdomoni akapata kumi. Kambare wote ambao Rwakabuba amewahi kuwaona, wa sokoni na wa vitabuni, wana nane. Ndiyo maana wakubwa wa makumbusho walikubali kutoa kabati zima la kioo. Walitaka kumwona huyo wa ndevu kumi.

"Nyabo, samaki mwenyewe iko wapi?"

Mukashema akatazama dirishani.

Rwakabuba akaeleza kwa upole kwamba bila samaki hawezi kuwatetea. Wakubwa wake walishasema mchoro peke yake ni maneno tu, tena maneno ya mtu ambaye, samahani sana kusema, habari za dumu lake zimefika mpaka Mbarara. Wamesema mtu akinywa vya kutosha anaweza kuona ndevu hata ishirini. Samaki akiwepo, wanapokea vyote. Asipokuwepo, masanduku yanarudi Nakivale na wenyewe.

Liliane akageuka. "Maman, samaki haukumufukiza?"

"Nilimufukiza."

"Iko wapi?"

"Nilimupa Parfait."

Hapa lazima niseme neno kwa wasomaji mnaoishi kando ya ziwa, maana nawasikia mnavyoguna. Mukashema ametoka kwa watu wa ng'ombe. Wengine siku hizi wanakula samaki wakishasafiri, lakini yeye hajawahi, na nyumba yenye maziwa haikai na harufu ya samaki. Vyura waliponing'inia juu ya moto hakujali. Nyoka hakujali. Lakini yule kambare alipoanza kuchuruzika mafuta, harufu ikaingia kwenye vibuyu, na usingizi ukamkataa.

"Sisi hatulali na samaki," akasema. "Nikaona bintu ni mingi mu sanduku, moja ikipungua nani atajua."

Kwa hiyo katika masanduku mawili ya takataka za kisayansi, mama huyu alikuwa ametunza kila kitu kwa uaminifu, akagawa kimoja tu, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Nisamehewe, lakini nilipoandika sehemu hii nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia.

Liliane hakucheka. Alilia kwa hasira, akisema yule samaki ndiye aliyekuwa baba yake, na sasa watapanda ndege wamemwacha nyuma akiitwa mlevi na nchi nzima. Mukashema alitaka kumshika bega, mkono ukaishia hewani. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, na kilimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa kuwa siku ya mazishi haikuwa kosa lake.

Wakapiga simu kwa Parfait, jirani yao, muuza samaki pale Base Camp, mtu wa Uvira, mji wa ziwani kule Kongo, anayecheka kabla ya kusalimia. Liliane akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Ile samaki?" Parfait akasema. "Tulishaikula, mutoto yangu. Ilikuwa muzuri sana, ila ilikuwa inachoma mu koo kidogo. Nikasema labda njo pilipili ya Banyamulenge."

Rwakabuba akavua miwani, akaanza kuifuta ingawa haikuwa chafu.

"Yote?" Liliane akauliza.

"Yote, ila kichwa. Kwetu kichwa ya samaki mukubwa haikulwe ovyo, ni ya mugeni wa heshima. Bibi yangu Sonia aliiweka fasi ya moshi ikingojea mutu. Na leo tuko na mutu. Pasta Appolinaire anakuja kula kwetu, sababu ya kuwaaga ninyi na mambo ingine. Sonia yuko anaitia mu sufuria."

Liliane akafungua mdomo kusema itoeni. Simu ya Parfait ikazimika, kama zinavyozimika simu zote za watu wanaochajisha dukani, na haikuwaka tena.

Mnaona jinsi hali ilivyobadilika. Rwakabuba alikuwa ameshasimama. Kambare anajulikana kwa kichwa, alisema, mkia haumwambii mtu chochote. Ndevu ziko mdomoni, na mdomo bado uko. Lakini kichwa kikichemka sana ndevu zinang'oka, na kikiliwa ndiyo kabisa. Akachukua ufunguo wa pikapu ya makumbusho.

Safari nzima sitawasimulia, ila tukio moja lazima. Walikuwa wameshaingia wilaya ya Isingiro, Rwakabuba anaendesha kwa kasi ambayo gari lile halijawahi kuombwa, mara ng'ombe wa pembe ndefu wakaanza kuvuka barabara. Rwakabuba akafunga breki. Mtu yeyote angefunga breki. Lakini yeye akazima na injini.

"Banange," akasema kwa sauti ya chini, "angalia hiyo ya katikati."

Mukashema alikuwa ameshashuka. Wakasimama wawili kando ya barabara, mjane na mtunzaji wa makumbusho, wakijadili pembe, rangi, na kama mama wa ng'ombe yule alikuwa wa rangi hiyohiyo. Mchungaji wa ng'ombe akajiunga, akaanza kueleza ukoo wa ng'ombe tangu bibi yake. Liliane alibaki garini akibonyeza honi. Alipoona haisaidii akawapigia kelele kwamba mvuke wa sufuria hausubiri ng'ombe. Wakarudi garini wakitazama nyuma.

Walipofika Base Camp, nyumba ya Parfait ilikuwa imejaa kanisa zima. Mabenchi yalikuwa yameletwa. Watu walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama, macho yamefumbwa, na Mchungaji Appolinaire alikuwa anaombea chakula.

Yale "mambo ingine" ya Parfait sasa yakajulikana, maana mchungaji alikuwa anayataja ndani ya maombi. Kumbe mwezi uliopita, Jumapili moja Mukashema akiwa hayupo, Parfait alifika ibadani ananuka waragi. Akaapa kwa watoto wake wote kwamba hajanywa, alikula samaki tu, na kanisa likacheka, kisha likamsimamisha. Chakula hiki kilikuwa cha kumrudisha kundini. Mchungaji alimwomba Mungu amwondolee ndugu huyu kiu ya pombe, na pia ile tamaa ya kusingizia samaki.

Mukashema alisikia hayo akiwa kizingitini. Alijua Parfait amesimamishwa, ila habari ya samaki ndiyo kwanza anaisikia, na samaki huyo alikuwa wake.

Mbele ya mchungaji palikuwa na sahani. Juu ya sahani, kwenye mchuzi mwekundu, kichwa cha kambare kilikuwa kinatoa mvuke, na ndevu bado zimeshika. Rwakabuba alichungulia kutoka mlangoni, akakunja vidole kimoja baada ya kingine. Nane. Akakunja cha tisa. Halafu akaonyesha kwa ishara kwamba upande wa pili umefunikwa na bugali, haoni.

Maombi ya Mchungaji Appolinaire yanajulikana kwa urefu. Katika maombi hayo alikuwa ameanzia Kongo, amepita Uganda, na sasa alikuwa anawaombea wasafiri katika kila mji wa Amerika anaoufahamu. Lakini miji anayoifahamu si mingi.

Liliane alitaka kwenda, mama yake akamzuia kwa mkono. Akaenda mwenyewe.

Shemasi huyu hajawahi kufumbua macho wakati wa maombi maishani mwake. Alipita katikati ya mabenchi akiwa ameyafumbua yote mawili, akakanyaga mguu wa mtu, mtu akasema "Amina" akidhani ameguswa na Roho. Akafika kwenye sahani. Kwa kidole kimoja akasogeza bugali.

Kumi.

Siku Musoni alipomleta samaki yule nyumbani, alimwita mkewe aje ahesabu naye, na mkewe alikataa kwa sababu ya harufu. Sasa alikuwa anahesabu peke yake. Mume wake hakuwa mlevi na hakuwa mwongo, alikuwa mtu aliyehesabu sawasawa, na Mukashema alimpenda pale mbele ya sufuria za watu kuliko alivyompenda siku nyingi. Akakibeba kichwa kwa mikono, mchuzi ukamuunguza, akakifunga ndani ya kitenge, akarudi mlangoni.

"Amina," akasema mchungaji.

Watu wakafumbua macho. Mchungaji akatazama sahani yake. Bugali ulikuwepo, mchuzi ulikuwepo. Akainama kutazama chini ya meza. Alipoinuka, macho yake yalikwenda kwa jirani yake wa mkono wa kulia, Parfait, ambaye alikuwa na mafuta ya samaki kwenye midomo kwa kuwa mkewe Sonia alimwonjesha chumvi jikoni.

"Parfait," mchungaji akasema kwa huzuni ya kweli, "wakati tunaomba?"

Parfait alijaribu kucheka kama kawaida yake, kicheko kikakosa njia. Mzee Gasore, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akasimama na kusema kwamba mtu anayekula sahani ya mchungaji ndani ya maombi hasimamishwi, anaondolewa kabisa, na kama hakuna mwenye neno waamue sasa hivi. Sonia akajifunika uso kwa kanga.

Liliane alikuwa ameshamshika mama yake mkono. Pikapu ilikuwa hatua chache, mlango wazi, Rwakabuba kwenye usukani anawapungia. Hakuna aliyemwona. Kesho kutwa watakuwa Amerika, na Musoni atakuwa ndani ya kabati la kioo. Kilichohitajika ni kutembea tu.

Mukashema alitembea mpaka mguu mmoja ukawa nje. Kisha akageuka.

"Pasta, mumwache Parfait. Kichwa iko na mimi."

Mabenchi yakaguna. Mchuzi ulikuwa unamdondoka kitengeni.

"Na ile waragi munasema Parfait alikunywa, ilitoka mu samaki yangu. Mi njo nilimupa. Na samaki iliitoa mu chupa ya bwana yangu, yenye nilificha chini ya kitanda miaka yote, sababu niliogopa ninyi." Akawageukia wazee wa kanisa. "Mulimwita Musoni mulevi mpaka akakufa. Musoni hakunywaka hata siku moja. Samaki njo walikuwa banakunywa."

Halafu Sonia akaanza kucheka ndani ya kanga, na Parfait akaanza kulia, na wazee wawili waliowahi kumsema Profesa kwa sauti kubwa wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mchungaji Appolinaire alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Mama Shemasi," akasema, "kanisa inakuomba rusamaha, weye na marehemu. Parfait, umerudi fasi yako. Na kesho nitasimama mbele ya basi niseme mbele ya batu wote ya kwamba Profesa alikuwa mutu safi."

Mukashema akainamisha kichwa. Alikuwa amepata alichokuwa hajathubutu kukiomba, akageuka kwenda kwenye gari.

"Lakini ile samaki," mchungaji akaendelea, akiisukuma sahani yake taratibu mpaka ukingoni mwa meza, "irudishe hapa, mama. Ilishaombewa. Chakula yenye iliombewa haitokake mu nyumba kabla ya kulwa."

Rwakabuba akawasha injini. Na Mzee Gasore, aliyekuwa karibu na mlango, akaufunga kabla Mukashema hajavuka kizingiti.